Anayelipia Hana Wimbo, Mwenye Wimbo Hajalipia: Umiliki wa Muziki Katika Zama za Simu

Pale Kolandoto, barabara ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza inapoachana na ile ya Lalago na Mwanhuzi, muziki hauna uhaba. Unasikika kutoka kwenye bodaboda zinazosubiri abiria wa hospitali, kwenye vibanda vya kuchaji simu, kwenye maduka ya vipodozi na kwenye simu za wanafunzi wa chuo cha afya. Kwaya zetu za Kikatoliki zinapokezana na nyimbo za Kisukuma za akina Nelemi Mbasando na Bhudagala, kisha bongo fleva, kisha mahubiri, kisha kwaya tena. Ukimuuliza kijana mwenye spika wimbo huo ni wa nani, mara nyingi hatakutajia mtunzi wala kwaya. Atakujibu kwamba ni wa kwake, maana umo katika memori kadi yake.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kijana huyo alimlipa mwenye kibanda fedha kidogo ili amjazie nyimbo kutoka kwenye kompyuta, naye sasa anazo. Anaweza kuzisikiliza bila mtandao na bila bando, anaweza kumwazima jirani kadi hiyo, na akifa kesho mdogo wake ataichukua pamoja na simu. Ila mtunzi na waimbaji hawakupata hata senti. Katika mtaa uleule yupo muuguzi anayelipia huduma ya muziki kila mwezi, tena amejiunga na mwito wa simu wa kwaya anayoipenda. Fedha yake, walau sehemu yake, imewafikia waimbaji. Lakini siku atakapoacha kulipa, au kampuni itakapobadili masharti, hatabaki na kitu chochote.

Basi tunao watu wawili. Wa kwanza ana wimbo mkononi ambao hakumlipa mwenye haki. Wa pili ameulipia wimbo ambao hana. Tunaona kwamba hali zote mbili zina kasoro ya haki, na kwamba kila moja inaizaa na kuilea nyingine. Hilo ndilo tunalotaka kulitazama hapa, kwa sababu linawagusa waamini wetu kama wanunuzi, na kwaya zetu kama wauzaji.

Wazee wetu walipokuwa wakinunua santuri, na baadaye kanda, hakuna aliyejiuliza swali la umiliki. Mtu alitoa fedha, akapewa kitu, akaenda nacho nyumbani. Baada ya mavuno ya pamba palinunuliwa redio kaseti na kanda kadhaa, na kanda hizo zilizunguka kijiji kizima kwa kuazimana. Kanda iliweza kuuzwa tena au kutolewa zawadi harusini, nayo iliweza kuingia katika urithi pamoja na baiskeli na kitanda. Ikikwaruzika au ikimezwa na mashine, hasara ilikuwa ya mwenyewe. Aliyeiuza hakuwa na njia ya kuifuata nyumbani na kuichukua.

Hatusemi kwamba zama zile zilikuwa za haki kwa kila mtu. Katika miaka ya Ujamaa bendi nyingi zilirekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na wanamuziki wengi walizeeka maskini huku nyimbo zao zikipigwa kila siku. Kanda ilipokuwa rahisi kunakiliwa, biashara ya nakala haramu ilistawi kutoka Kariakoo hadi minada ya huku kwetu. Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA. Mwaka 2013 ukaja utaratibu wa stempu za Mamlaka ya Mapato kwenye CD na DVD za muziki na filamu, ili mnunuzi aweze kuitambua nakala halali kwa macho. Utaratibu ulikuwa mzuri, lakini ulichelewa. Watu walikuwa wanaanza kuiacha CD na kuingia kwenye flashi na memori kadi, na huko stempu haina pa kubandikwa.

Tukumbuke jambo moja kuhusu sheria hiyo, kwa sababu mara nyingi hupotoshwa. Kununua kanda au CD hakujawahi kumfanya mtu kuwa mmiliki wa wimbo wenyewe. Wimbo, kama kazi ya akili, ulibaki wa mtunzi, na kwa sheria yetu ulinzi huo unadumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Mnunuzi alimiliki nakala. Lakini nakala hiyo ilikuwa yake kwelikweli, na umiliki wake ulikuwa na mipaka inayoeleweka hata kwa asiyejua kusoma: sikiliza, azima, uza, rithisha, ila usizalishe nyingine za kuuza. Huko Marekani Mahakama Kuu iliamua tangu mwaka 1908, katika shauri la kitabu, kwamba mchapishaji akishauza nakala hawezi tena kumpangia mnunuzi bei ya kuiuza. Kanuni hiyo imeenea katika nchi nyingi, na kwa kweli ndiyo iliyokuwa ikiongoza minada yetu hata pasipo kuandikwa.

Sasa tuje kwenye simu.

Bidhaa ya kwanza ya muziki wa kidijitali ambayo Mtanzania wa kawaida aliilipia kwa wingi ilikuwa mwito wa simu, ule wimbo anaousikia anayekupigia kabla hujapokea. Sauti ya kampuni humwambia mpigaji kwamba akiupenda wimbo huo abonyeze nyota ili nao uwe wake. Angalieni neno hilo, uwe wake. Kinachofuata ni makato ya kila siku, kila wiki au kila mwezi, na siku salio likikosekana wimbo unaondoka. Hakuna faili lililoingia katika simu ya mteja wakati wowote. Mwenyewe hata hausikii. Wanaousikia ni wanaompigia. Katika historia yote ya biashara ya muziki ni vigumu kupata bidhaa iliyo mbali zaidi na umiliki, nayo inatangazwa kwa lugha ya umiliki.

Miito hiyo ndiyo iliyofungua macho ya wasanii wetu pia. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo, ambayo leo inaitwa Yas, iwalipe wasanii Ambwene Yesaya na Hamis Mwinjuma, yaani AY na MwanaFA, shilingi bilioni 2.18 kwa nyimbo zao kutumika kama miito bila ridhaa yao. Kampuni ilikata rufaa, na mambo ya rufaa tunawaachia wanasheria. Sisi tunachokiona hapo ni kwamba katika biashara ileile moja, mtunzi alilalamika kuwa hakuuza, wakati mteja aliamini kuwa amenunua. Aliye katikati ndiye pekee aliyejua kwa hakika alichonacho.

Baadaye zikaja huduma za kusikiliza na kupakua. Boomplay ilianza mwaka 2015 huko Nigeria ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno, na kwa njia hiyo ikaingia mifukoni mwa watu wengi wa kwetu bila wao kuitafuta. Diamond Platnumz alifungua Wasafi.com mwaka 2017 ili kuuza nyimbo mojamoja. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021. Katika huduma nyingi za namna hii mteja anayelipa anaweza "kupakua" nyimbo azisikilize bila mtandao, lakini upakuaji huo si ule wa kwenye kibanda cha Kolandoto. Nyimbo zinabaki zimefungwa ndani ya programu yenyewe. Spotify, kwa mfano, humtaka mteja aunganishe simu yake na intaneti angalau mara moja kila siku 30, vinginevyo nyimbo alizopakua hazitasikika. Mchimbaji aliyeko porini Nyarugusu, mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda mlimani, atajua maana ya sharti hilo mapema kuliko mtu wa mjini.

Mtu anaweza kusema kwamba kulipia kwa mwezi ni sawa na kukodi nyumba, na mpangaji hapaswi kushangaa akitolewa anapoacha kulipa. Tunakubali. Aliyeambiwa kuwa anakodi hana malalamiko. Tatizo liko kwa yule aliyebonyeza kitufe kilichoandikwa "nunua". Mwaka 2008 kampuni ya Yahoo ilitangaza kufunga duka lake la muziki na kuzima mitambo iliyokuwa ikitoa funguo za nyimbo. Wateja walioziita nyimbo hizo zao walielezwa kwamba wakibadili kompyuta hawataweza tena kuzifungua. Baada ya malalamiko wakaahidiwa fidia. Hawakuwa wameacha kulipa, kwa kuwa walishalipa zamani na kumaliza.

Vilevile kampuni iitwayo ReDigi ilijaribu kuanzisha soko la mitumba la nyimbo za kidijitali, mahali pa mtu kuuza wimbo alioununua kihalali na kuufuta kwake, kama mtu anavyouza CD. Wenye haki wa muziki waliishitaki, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba jambo hilo haliruhusiwi, kwa kuwa kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Kwa mantiki ya sheria huenda mahakama ilikuwa na hoja. Kwa mantiki ya mnada wa ng'ombe ni ajabu: mtu amenunua kitu kwa bei iliyokaribia ile ya zamani, lakini haki ya kukiuza imeyeyuka njiani.

Jimbo la California, yalikozaliwa mengi ya makampuni haya, lilikiri tatizo hilo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025. Sheria hiyo haimlazimishi muuzaji kutoa umiliki. Inamkataza tu kutumia maneno kama "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Bidhaa anayoweza kuipakua na kubaki nayo kabisa haimo katika katazo hilo. Kwa maneno mengine, wabunge wa huko waliona kwamba jambo la kwanza la kurekebisha ni ukweli wa neno.

Hapa watu wa ukanda huu wa Shinyanga na Geita wanayo faida ambayo wengi hawana. Sisi tunajua leseni ni nini. Kwa sheria zetu ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda na masharti. Madini yaliyo chini yake yana utaratibu mwingine kabisa, na mwenye shamba anaweza kuamka akakuta leseni ya uchimbaji mdogo imetolewa kwa mtu mwingine juu ya eneo hilohilo. Watu wetu wamegombana juu ya mambo haya, wamefika mahakamani, wengine wameumizana kwenye maduara. Lakini hakuna mchimbaji anayeishika leseni yake akadhani ameununua mlima. Inasema ni ya eneo gani na inakwisha mwaka gani, na Serikali ikitaka kuifuta inapaswa kutoa taarifa na kusikiliza.

Hata mila ya kukabidhiana ng'ombe ina uwazi huo. Mwenye mifugo mingi humkabidhi rafiki yake ng'ombe kadhaa awatunze; rafiki atakunywa maziwa, atatumia samadi, pengine ataahidiwa ndama. Lakini tangu siku ya kwanza, mbele ya mashahidi, kila mmoja anajua ng'ombe ni wa nani. Hakuna anayemwambia mwenzake "nimekuuzia" halafu akaja usiku kumfungua zizini.

Leseni ya muziki wa simuni haina sifa hizo. Imeandikwa kwa kurasa nyingi, mara nyingi kwa Kiingereza, na hubadilishwa na upande mmoja. Mteja anaikubali kwa kidole gumba akiwa amesimama kwenye foleni. Kifo chake hakimo katika hesabu, kwani masharti ya huduma nyingi yanasema akaunti haihamishiki. Mjane anaweza kurithi simu ya marehemu mumewe, lakini nyimbo alizozilipia kwa miaka kumi zimefungwa kwa nenosiri alilozikwa nalo.

Kanisa linasema nini? Hakuna waraka wa Kipapa juu ya nyimbo za simu, na ni vizuri kwamba haupo. Lakini msingi upo. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, aliitetea haki ya mfanyakazi kumiliki kwa hoja iliyo rahisi kueleweka: mtu akibana matumizi na kununua kipande cha ardhi kwa akiba yake, ardhi hiyo ni ujira wake uliogeuka umbo, na inapaswa kuwa mikononi mwake kikamilifu kama ujira wenyewe ulivyokuwa. Wimbo si shamba. Lakini shilingi iliyoununua ilitoka katika jasho lilelile, la kubeba mawe ya dhahabu au kupalilia pamba au kukesha wodini. Kama jasho limegeuka kitu, mwenye jasho ana haki ya kujua limegeuka kitu gani.

Papa Leo XIV, alipokutana na Makardinali Mei 10, 2025, siku mbili baada ya kuchaguliwa, alieleza kwamba alilichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na waraka wake, kwa sababu leo kuna mapinduzi mengine, ya akili mnemba, yanayogusa utu, haki na kazi. Na kati ya hao wawili, Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, ibara ya 32, kwamba umetokea umiliki wa namna mpya usiopungua ardhi kwa umuhimu, yaani umiliki wa maarifa, teknolojia na ujuzi. Tukisoma nyaraka hizo pamoja tunaona kwamba Kanisa halikushangazwa na mali isiyoshikika. Lilichosisitiza daima ni kwamba mali yoyote ina wajibu kwa jamii, na kwamba mapatano lazima yafanywe kwa nia njema na kutimizwa. Katekisimu, inapoeleza amri ya saba, inakwenda mbali kuliko wizi wa kuvunja mlango: inataja pia kushika isivyo haki kilicho cha mwingine, na hila katika biashara.

Amri hiyo inakata pande zote. Tumesema juu ya muuzaji. Hatuwezi kumwacha yule kijana wa memori kadi, wala mwenye kibanda anayemjazia. Sheria yetu inampa mtu nafasi ya kunakili kwa matumizi yake binafsi kazi iliyokwisha kutolewa kihalali. Haimpi mtu yeyote ruhusa ya kufungua duka la nakala za watu wengine. Tunajua hoja zinazotolewa: kwaya ni ya Mungu, wimbo ni uinjilishaji, na ukiusambaza umemsaidia mwinjilishaji. Tunaomba tuwe wakweli. Kwaya iliyoingia studio ilichangishana kwa miezi, ilishona sare, ilimlipa mpiga picha, na mara nyingi ilibaki na deni. Akina mama wa kwaya wameuza maandazi kulipa deni hilo. Anayechukua kazi yao na kuiuza kwa faida yake hajainjilisha, amekula maandazi yao.

Serikali nayo imetambua kwamba kumfuata kila mwenye kibanda haiwezekani. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilianzisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, ili fedha hizo ziwafikie wabunifu. Ni njia ya busara. Ila mgao wake utawafikia waliosajili kazi zao, na hapa kwaya nyingi za parokia zimelala. Ni jambo la kusikitisha kuona kwaya yenye albamu nne isiyokuwa na karatasi moja ya COSOTA.

Tulisema kwamba kasoro hizi mbili zinaleana. Wafanyabiashara waliweka makufuli katika nyimbo wakisema wanajikinga na wizi, na hawakusema uongo. Lakini kila kufuli linamfanya mnunuzi mwaminifu apate kitu duni kuliko alichonacho mwizi: mwizi anao wimbo usiohitaji bando, usiokwisha, usiouliza nenosiri. Mzazi anayetaka watoto wake wasikie kwaya Jumapili jioni, mahali penye mtandao hafifu, atasukumwa kwenye kibanda hata kama moyo wake hautaki. Huwezi kuwajengea watu uaminifu kwa kuufanya uaminifu uwe hasara. Kwa hiyo tunaamini kwamba njia iliyo bora kwa kwaya zetu ni kuuza faili lenyewe, lisilo na kufuli, kwa bei ndogo inayolipwa kwa simu, na kumwambia mnunuzi wazi: nakala hii ni yako, isikilize na familia yako, usiiuze. Duka la Apple lenyewe, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa makufuli ya muziki mwaka 2009, na muziki haukufa. Kwa nota jambo hilo tumeshaliona: tovuti ya Swahili Music Notes imewawezesha wanakwaya wa vigango vya mbali kupakua nota za nyimbo zetu na kuzichapa, na karatasi ile ikishachapwa haiulizi nenosiri.

Serikali ingeweza kusaidia bila kusubiri California itufundishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji. Neno "nunua" juu ya kitu kisichonunulika, na ile sauti ya nyota, ni mambo ambayo Tume ya Ushindani inaweza kuyatazama kwa sheria iliyopo. Masharti kwa Kiswahili, nusu ukurasa, yangekuwa mwanzo mzuri.

Limebaki jambo la ndani ya nyumba yetu wenyewe, nalo tunaliona kuwa zito kuliko yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ibara ya 112 na 114, uliuita muziki wa Kanisa hazina, ukaagiza itunzwe kwa uangalifu mkubwa. Na katika ibara ya 119 ukataka mapokeo ya muziki ya watu katika nchi za misioni yapewe heshima yake. Mwaka uleule Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Hazina iliyopatikana tangu hapo ni kubwa. Je, iko wapi? Sehemu kubwa ya nyimbo za kwaya zetu za miaka ya karibuni ipo YouTube, na mara nyingi si katika chaneli ya kwaya wala ya parokia. Ipo katika chaneli ya mwenye studio, au ya kijana aliyekuwa katibu kabla hajahamia Dodoma. Kwaya ikikosana naye, au akisahau nenosiri, au kampuni ikiifunga chaneli, kwaya haina nakala. Kwaya yenyewe imegeuka kuwa mpangaji katika wimbo iliouimba.

Hilo si jambo la kubuni. Mwaka 2019 mtandao wa Myspace ulikiri kwamba muziki wote uliokuwa umewekwa humo kwa zaidi ya miaka kumi umepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wanamuziki wengi hawakuwa na nakala nyingine. Walidhani kilichowekwa mtandaoni kimehifadhiwa.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa kwaya, kabla ya kuingia studio, waandikiane na mwenye studio mkataba mfupi unaosema rekodi ya asili ni ya nani, chaneli ni ya nani, mapato ya miito yanagawanywaje, na kwamba siku kazi inapokamilika kwaya itakabidhiwa mafaili yote, ya sauti na ya picha, yasiyopunguzwa ubora. Mtunzi naye atajwe kwa jina, hata kama ni mwanakwaya mwenzao. Watunzi wetu wamezoea kusahaulika kwa unyenyekevu, na wengine wanaupenda mno unyenyekevu huo wa watunzi. Paroko awe shahidi. Mafaili yahifadhiwe katika diski mbili, moja ofisi ya parokia na nyingine nje ya parokia, na kila mwaka mtu afungue aone kama bado yanasoma, kwa sababu flashi hufa kimya.

Na katika makabati ya sakristia na chini ya vitanda vya wanakwaya wa zamani bado zipo kanda za miaka ya themanini na tisini, zenye sauti za walimu wa kwaya ambao tumekwisha kuwazika. Kanda hizo ni za parokia na familia zao kikamilifu. Hakuna kampuni inayoweza kuzizima. Kinachoweza kuzizima ni vumbi, joto na panya, na deki za kuzichezea zinazidi kuwa adimu. Aliyenazo azifikishe kwa paroko wake zinakiliwe kwenye kompyuta wakati mashine bado zinapatikana, kisha arudishiwe kanda yake. Juu ya kila moja iandikwe kwa kalamu isiyofutika: jina la kwaya, kigango, mtunzi, mwaka kama unajulikana, na nani anaimba sauti ya kwanza.